JAMES REESE EUROPE: Aliwapa wanamuziki weusi heshima, akauawa na mpiga ngoma wake

MNAMO Mei 13, 1919, umati mkubwa ulijipanga kando ya barabara za jiji la New York nchini Marekani kumpa buriani mtu mweusi aliyefariki akiwa na umri wa miaka 39. Hakuwa mwanasiasa wala mhubiri. Alikuwa kiongozi wa bendi. Hata hivyo, mazishi yake yanatajwa kuwa ya kwanza ya hadhara kuwahi kufanyiwa Mmarekani mweusi katika jiji hilo.

Miezi mitatu tu kabla ya siku hiyo, wakazi wa jiji hilo hilo walikuwa wamefurika barabarani kumshangilia marehemu akiiongoza bendi ya kikosi chake kilichorejea kutoka vitani Ufaransa. Risasi za Wajerumani hazikumuua. Gesi ya sumu haikumuua. Aliyemuua alikuwa kijana aliyempigia ngoma, na silaha yenyewe ilikuwa kisu kidogo cha mfukoni.

Jina lake ni James Reese Europe. Wengi wanaoupenda muziki wa jazi huwajua Louis Armstrong na Duke Ellington, lakini ni wachache wanaomjua mtu huyu aliyewatangulia na kuwafungulia mlango. Maisha yake yalikuwa na kiini kimoja. Aliamini kwamba mwanamuziki anastahili heshima sawa na fundi wa kazi nyingine yoyote, na kwamba heshima hiyo haiombwi bali hujengwa kwa nidhamu, mazoezi na mkataba.

Mtoto wa nyumba ya muziki

Europe alizaliwa Februari 22, 1880 katika mji wa Mobile, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Miaka 15 tu ilikuwa imepita tangu utumwa upigwe marufuku nchini humo, na kizazi cha wazazi wake kilikuwa kimeushuhudia kwa macho yake chenyewe. Mamake, Lorraine, alikuwa mpiga piano, naye ndiye aliyewafunza wanawe hatua za kwanza za muziki. Babake, Henry, alikuwa mtumishi wa serikali.

James alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, familia ilihamia Washington, jiji kuu la nchi. Huko bahati ilimtokea mlangoni. Nyumba chache tu kutoka kwao aliishi John Philip Sousa, aliyekuwa akiiongoza Bendi ya Wanamaji ya Marekani na ambaye nyimbo zake za gwaride zinapigwa duniani kote hadi leo. Mmoja wa wanamuziki wa bendi hiyo, Enrico Hurlei, alimfunza kijana huyo fidla na piano. Hivyo ndivyo mtoto wa Kimarekani mweusi, aliyeishi katika nchi iliyomtenga kwa rangi yake, alivyokulia karibu na bendi iliyokuwa mfano wa nidhamu ya muziki wa kijeshi.

Nyumbani kwao muziki haukuwa mzaha. Alipokuwa na miaka 14 aliingia katika mashindano ya utunzi wa muziki jijini humo, akatoka wa pili. Aliyemshinda ni dadake, Mary. Binti huyo baadaye alikuja kuwa mwalimu wa muziki katika shule ya upili ya Wamarekani weusi iliyosifika kuliko zote Washington, ile iliyoitwa M Street na kisha Dunbar. Ndugu hao wawili walifuata njia mbili za kazi moja: dada alifundisha darasani, kaka akafundisha mbele ya bendi.

Mnamo 1899 baba yao alifariki, na mzigo wa familia ukaanza kumwelemea James. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, alifunga safari kwenda New York kutafuta riziki.

Mkataba kabla ya wimbo

Jiji hilo halikumpokea kwa mikono miwili. Fidla aliyoisomea miaka yote hiyo haikuwa na soko kwa mtu wa rangi yake. Ilimbidi ajifunze upya, akashika mandolini na kupiga piano katika kumbi za starehe. Baadaye alipata kazi ya kuongoza muziki katika michezo ya jukwaani iliyoandaliwa na Wamarekani weusi, ukiwemo ule ulioitwa The Shoo-Fly Regiment ulioanza mnamo 1906. Hapo ndipo alipojifunza kazi ya kuongoza: kuwapanga waimbaji, wachezaji na wapiga ala wafuate mkono mmoja.

Nje ya jukwaa aliona jambo lililomkera. Matajiri wa New York walipenda sana kualika wanamuziki weusi katika karamu zao. Hata hivyo, wanamuziki hao hawakuwa na ofisi, chama wala bei. Walijikusanya katika mkahawa na hoteli za Mtaa wa 53, upande wa magharibi, wakisubiri kuitwa kama vibarua. Aliyeitwa alipiga muziki hadi usiku wa manane bila kujua atalipwa nini. Wengine walitarajiwa kusaidia kazi za utumishi nyumbani humo kisha wapige ala, na ujira wao ukawa ni bakshishi ya wageni.

Msomaji aliyewahi kuona bendi ya harusi ikipewa sahani ya wali nyuma ya nyumba na ahadi ya kulipwa kesho hatahitaji kuelezwa zaidi.

Mnamo Aprili 1910, Europe na wenzake waliunda chama walichokiita Clef Club, naye akachaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Kilikuwa klabu, ofisi ya kutafutia kazi na chama cha kutetea haki kwa wakati mmoja. Kilikuwa na jumba lake katika mtaa ule ule wa 53. Aliyetaka bendi hakwenda tena kuokota mtu barazani, bali aliwasiliana na chama. Bei ilijulikana mapema. Nauli, chakula na malazi yalikuwa juu ya mwenye karamu. Kwa upande wao, wanamuziki waliwajibika kufika kwa wakati, wakiwa wamevaa suti nadhifu, na kupiga muziki tu. Hakuna aliyeagizwa kuosha vyombo.

Jambo hilo linaweza kuonekana dogo, lakini lilibadilisha maisha ya watu wengi. Mtu ambaye jana aliitwa kwa kupigiwa mbinja sasa aliandikiwa mkataba. Bendi za chama hicho zilienea katika makazi ya matajiri na mahoteli makubwa, na Europe akawa mtu ambaye familia za kitajiri zilimtafuta kabla hazijapanga tarehe ya karamu.

Eubie Blake, mpiga piano aliyefanya kazi naye, alisimulia uzeeni mwake kisa kinachoonyesha ugumu wa zama hizo. Wanamuziki wa Europe walisoma manoti vizuri mno, lakini walilazimika kuyahifadhi moyoni na kuyaacha makaratasi nyumbani. Wenye karamu walipendelea kuamini kwamba mtu mweusi hapigi muziki kwa elimu bali kwa kipaji cha kuzaliwa. Basi waliwaacha waamini hivyo, wakachukua fedha zao. Elimu ilifichwa ili kazi ipatikane.

Usiku wa Carnegie Hall

Europe hakuridhika na karamu. Mei 2, 1912, alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alipandisha okestra ya wanamuziki weusi wapatao 125 katika jukwaa la Carnegie Hall, ukumbi uliotukuka kuliko wote New York. Tamasha hilo lilikusudiwa kuchangisha fedha za shule ya muziki ya watoto weusi iliyokuwa imeanzishwa mtaani Harlem. Mtoto maskini angepata fidla na mwalimu kwa ada ndogo, mradi tu watu wazima wajaze ukumbi.

Okestra yenyewe ilikuwa ya ajabu. Badala ya safu za fidla kama ilivyo desturi ya Ulaya, mbele kulikuwa na mandolini na banjo nyingi, pamoja na magitaa, na nyuma kulikuwa na piano kumi. Europe hakufanya hivyo kwa kukosa ala nyingine. Msimamo wake ulikuwa kwamba watu weusi wana muziki wao, na kwamba wakijaribu kuiga okestra za wazungu watakuwa nakala hafifu. Ala za nyuzi zinazokung'utwa ziliupa muziki wao mdundo usiokatika, na zile piano zikaupa uzito.

Tatizo lilikuwa kuwafundisha watu hao wote. Baadhi walikuwa wasomi waliofuzu, wengine hawakujua kusoma noti hata moja. Wengi walifanya kazi mchana na kupiga muziki usiku, hata ikawa vigumu kuwakutanisha wote katika zoezi moja. Europe aliwachanganya. Wasiosoma walifundishwa sehemu zao kwa kusikia, wakaketi kando ya waliosoma, na wote wakatakiwa kumtazama yeye. Will Marion Cook, mtunzi mweusi aliyesomea Ulaya, alihofia kwamba jambo hilo lingewaaibisha na kuwarudisha nyuma miaka mingi. Hatimaye yeye mwenyewe aliketi miongoni mwa wapiga fidla.

Ukumbi ulijaa pomoni, na watu wengi wakakosa nafasi. Weusi na weupe waliketi katika ukumbi mmoja, jambo lisilo la kawaida enzi hizo. Tamasha lilipokelewa kwa shangwe, na likarudiwa mwaka uliofuata na mwaka wa 1914. Tangu usiku ule, hakuna aliyeweza kusema tena kwamba muziki wa watu weusi mahali pake ni vilabuni pekee.

Milango ikaendelea kufunguka. Mwishoni mwa 1913, kampuni ya Victor ilirekodi muziki wa okestra yake, ikiwa miongoni mwa okestra za kwanza za watu weusi kupata mkataba wa aina hiyo. Wakati huo huo alishirikiana na mtu na mkewe, Vernon na Irene Castle, wachezaji dansi waliokuwa wakiwaniwa na kila mtu. Europe na bendi yake ndio waliowapigia, na kutokana na ushirikiano huo dansi ya foksitroti ilienea kote. Vernon na Irene hawakuficha kwamba wazo la kutumia mwendo ule wa polepole lilitoka kwa kiongozi wao wa bendi.

Hata hivyo, mafanikio huzaa mivutano. Mwisho wa 1913 Europe alijitenga na Clef Club baada ya kutoelewana na baadhi ya wenzake, na mwaka wa 1914 akaunda chama kingine, Tempo Club. Alikuwa mtu mwenye mwili mkubwa, miwani na sauti ya amri, na hakupenda uzembe. Waliofanya kazi chini yake walimheshimu, lakini si wote walioupenda ukali wake.

Kutoka jukwaani hadi mahandakini

Mnamo Septemba 1916, Europe alijiunga na jeshi. Kikosi cha 15 cha walinzi wa jimbo la New York kilikuwa kimeundwa kwa ajili ya watu weusi wa Harlem, naye alisema kwamba jamii yake ilihitaji taasisi ya aina hiyo. Alitaka kuwa askari wa kawaida, na akafuzu mtihani wa uafisa. Kamanda wa kikosi, Kanali William Hayward, alitaka kitu kingine: bendi bora kuliko zote jeshini.

Europe hakukubali upesi. Sheria za jeshi ziliruhusu wanamuziki 28 tu katika bendi, idadi aliyoiona kuwa haitoshi. Alitaka zaidi ya hao, na alitaka walipwe vizuri kuliko mshahara wa askari, kwa kuwa wanamuziki hodari wasingeacha kazi zao za New York kwa mapeni machache. Kanali alitafuta wafadhili, na tajiri mmoja, Daniel Reid, akatoa dola 10,000. Ilikuwa ni falsafa ile ile ya Clef Club iliyovaa magwanda: bei kwanza, muziki baadaye.

Wapuliza klarineti hodari walikuwa haba, basi mwaka wa 1917 alisafiri hadi kisiwa cha Puerto Rico na kurudi na wanamuziki zaidi ya kumi. Miongoni mwao alikuwa Rafael Hernández, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa nyimbo za Kihispania. Rafiki yake, mwimbaji Noble Sissle, akawa msaidizi wake wa karibu.

Marekani ilipoingia vitani, kikosi hicho kilionja machungu nyumbani kabla ya kumwona adui. Kilinyimwa nafasi katika gwaride la kuwaaga wanajeshi wa New York. Oktoba 1917 kilipelekwa mazoezini Spartanburg, jimbo la South Carolina, ambako sheria za ubaguzi zilikuwa kali. Sissle aliingia katika hoteli moja kununua gazeti, na mwenye hoteli akampiga kofia ikaanguka, kisha akamshambulia kwa mateke kwa sababu hakuivua. Askari waliokuwa karibu, weusi kwa weupe, walikimbilia humo tayari kuivunja hoteli.

Europe, aliyekuwa afisa, aliingia akaamuru kila mtu atoke nje kwa utaratibu. Wakatoka. Kama angenyamaza, huenda damu nyingi ingemwagika siku hiyo, na kikosi kizima kingevunjwa kabla ya kuvuka bahari. Mtu anaweza kuuliza kama ilikuwa haki kuwadai utulivu waliokosewa. Europe alijua jibu la swali hilo, na alijua pia nani angelipa gharama ya ghasia.

Muda mfupi baadaye kikosi kiliondolewa Spartanburg. Januari 1, 1918, kilitia nanga Brest, Ufaransa. Bendi ilishuka bandarini ikapiga wimbo wa taifa wa Wafaransa, lakini wenyeji hawakuutambua mara moja. Mdundo wake ulikuwa mpya kabisa masikioni mwao. Walipoutambua, walisimama kwa heshima, nyuso zao zikijaa mshangao.

Mwanzoni askari hao hawakupewa bunduki za kupigana bali kazi za sulubu, kama kupakua shehena na kutengeneza reli katika bandari ya Saint-Nazaire. Huku kwetu, katika vita hivyo hivyo, maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza, na jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi limebaki kuwa kumbukumbu yao. Desturi ilikuwa moja pande zote mbili za bahari: mtu mweusi alitakiwa vitani kwa mabega yake kwanza.

Bendi ndiyo iliyotangulia kubadilisha mambo. Februari 12, 1918, ilipiga katika jumba la maonyesho la Nantes, kisha ikazunguka katika miji mingi hadi Aix-les-Bains, kituo cha mapumziko cha wanajeshi. Wafaransa walianza kwa kushangaa na kuishia kucheza. Huo ulikuwa miongoni mwa nyakati za kwanza ambapo watu wa Ulaya waliusikia kwa macho na masikio yao muziki uliokuja kuitwa jazi.

Machi mwaka huo, jeshi la Marekani lilikikabidhi kikosi kwa jeshi la Ufaransa, nacho kikajulikana kama Kikosi cha 369. Wafaransa hawakujali rangi ya askari bali walihitaji watu wa kupigana. Luteni Europe alikwenda mstari wa mbele na kombania ya bunduki za rashasha, akiwa miongoni mwa maafisa weusi wa kwanza wa Marekani kuingia katika mahandaki ya vita hivyo. Mwezi Juni alivuta gesi ya sumu na kulazwa hospitalini Paris. Akiwa kitandani alitunga wimbo kuhusu doria za usiku katika uwanja uliotenganisha majeshi mawili.

Alipopona, alirudishwa katika bendi. Agosti 1918 bendi iliitwa Paris kwa tamasha moja, ikabakizwa huko kwa takriban wiki nane. Ilipiga pamoja na bendi mashuhuri za kijeshi za Uingereza, Italia na Ufaransa mbele ya umati mkubwa katika bustani ya Tuileries. Europe alisimulia kwamba kiongozi wa bendi maarufu ya Ufaransa aliazima karatasi zake za muziki, lakini wanamuziki wake waliposoma noti zile zile, sauti haikufanana. Walidhani ala za Wamarekani zilikuwa zimefanyiwa ujanja, wakazikagua, wasione kitu. Siri haikuwa katika ala. Ilikuwa katika namna ya kupuliza, ya kutia mkazo na ya kubana pumzi, na katika mazoezi ya kila siku ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, yalikusudiwa hasa kuwazuia vijana wake wasitie madoido kupita kiasi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Europe na vijana wake walitunzwa ugenini kwanza.

Gwaride na kisu

Kikosi cha 369 kilikaa mstari wa mbele kwa siku 191, muda mrefu kuliko kikosi kingine chochote cha Marekani. Watu wapatao 1,500 waliuawa au kujeruhiwa. Ufaransa ilikitunuku kikosi kizima nishani yake ya ushujaa, Croix de Guerre, na askari wengi wakapokea yao binafsi.

Februari 17, 1919, kikosi kilichonyimwa gwaride la kuagwa kilipata la kupokewa. Askari wapatao 3,000 walipita katika Barabara ya Fifth Avenue, wakiwa wamejipanga bega kwa bega kwa mtindo wa Kifaransa, hadi Harlem. Mbele yao alikuwa Europe na bendi yake. Katika mitaa ya matajiri bendi ilipiga nyimbo za kijeshi. Ilipofika Harlem ilibadilisha, ikapiga wimbo wa furaha wa kumkaribisha baba nyumbani, na mistari ya askari ikavunjwa na wake, mama na watoto waliowarukia shingoni.

Mwezi uliofuata bendi ilianza ziara ya miji mingi ya Marekani. Ilirekodi pia nyimbo zaidi ya 20 kwa kampuni ya Pathé, mara ya mwisho ikiwa Mei 7, 1919. Siku mbili baadaye ilikuwa Boston, katika ukumbi wa Mechanics Hall.

Europe alikuwa na homa jioni ile, lakini hakukubali kupumzika. Katika bendi yake mlikuwa na wapiga ngoma wawili walioitwa mapacha wa ngoma, Steven Wright na Herbert Wright, ingawa hawakuwa ndugu. Wakati wa mapumziko Europe aliwaita katika chumba chake kuwakumbusha wajibu wao, kwa kuwa Herbert alikuwa na tabia ya kuondoka jukwaani wengine wakiendelea. Kijana huyo alilalamika kwamba anaonewa na kwamba mwenzake anapendelewa. Alitolewa nje, akarudi kwa hasira, akachomoa kisu. Europe alinyanyua kiti kujikinga, kisha akakiweka chini. Kijana akamrukia na kumkata shingoni.

Jeraha lilionekana dogo. Europe aliwaagiza waendelee na tamasha, akamkabidhi msaidizi wake uongozi, akaondoka kwa gari la wagonjwa akitarajia kurudi kazini kesho yake, siku ambayo bendi ilitarajiwa kupiga mbele ya gavana wa jimbo la Massachusetts, Calvin Coolidge. Wanamuziki walimaliza kazi kama walivyofundishwa. Baada ya tamasha ndipo Sissle na wenzake walipopata habari kwamba mshipa mkubwa wa shingo ulikuwa umekatika, na kwamba kiongozi wao amefariki.

Baada ya mazishi ya New York, mwili wake ulizikwa Mei 14 katika makaburi ya kijeshi ya Arlington, ng'ambo ya mto kutoka Washington alikokulia. Miezi iliyofuata, miji kadhaa ya Marekani, ikiwemo Washington na Chicago, ilikumbwa na ghasia za rangi ambamo watu wengi weusi waliuawa, wengine wao wakiwa wanajeshi waliotoka vitani. Harlem ilikuwa imempoteza kiongozi wakati ilipomhitaji.

Alichokiacha

Bendi ilisambaratika, lakini mafunzo hayakuzikwa. Mnamo Mei 1921, Sissle na Blake walipeleka New York mchezo wa muziki ulioitwa Shuffle Along, ulioandikwa na kuchezwa na watu weusi, ukawarudisha katika kumbi kuu za maonyesho walizokuwa wameziota pamoja na rafiki yao. Viongozi wa bendi waliofuata walikuta tayari kuna desturi: okestra ya watu weusi yenye suti, mkataba na rekodi. Mwaka wa 2021, zaidi ya karne moja baada ya vita, Bunge la Marekani liliidhinisha Kikosi cha 369 kitunukiwe nishani ya dhahabu.

Naye Herbert Wright? Alikiri kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15, akaachiliwa mnamo 1927. Aliishi Boston, katika mtaa wa Roxbury. Katika miaka ya 1930 kijana mmoja wa mtaa huo alifika kwake kujifunza kupiga ngoma, naye akamfundisha. Kijana huyo alikuwa Roy Haynes, aliyekuja kupiga na Charlie Parker na John Coltrane, na kuhesabiwa miongoni mwa wapiga ngoma bora kabisa wa jazi hadi alipofariki mwaka wa 2024 akiwa na miaka 99.

Ni mwisho usiotarajiwa. Mkono ulioyakatiza maisha ya mwalimu ndio uliopitisha sehemu ya alichokifundisha. Europe aliwadai vijana wake wafike kwa wakati, wasome manoti, wakae jukwaani hadi mwisho. Mmoja alishindwa kuvumilia masharti hayo, na yakamgharimu mwalimu maisha yake. Waliobaki walimaliza tamasha usiku ule ule, kama alivyowaagiza.